Barabara Zinaliwa Ndani ya Biro



Kila mwaka, mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza kunyesha juu ya Haut-Katanga na Lualaba, tunasikia maneno yaleyale. Barabara imekatika. Daraja limeanguka. Kamyo za shaba zimesimama mustari mumoja, na mama mwenye mimba anabebwa juu ya baiskeli kupelekwa hospitali. Kisha wakubwa wanakuja na magari yao marefu, wanaangalia shimo, wanapigwa picha, na wanasema: "Ni mvua." Wengine wanasema: "Ni uzito wa kamyo."

Wandugu, mvua ilikuwa ikinyesha juu ya inchi hii mbele sisi wote hatujazaliwa. Uzito wa kamyo nao unajulikana; injenyere anauhesabu mbele ya kumwaga jiwe la kwanza. Sisi tunasema neno lingine. Barabara ile haikuliwa na mvua. Ililiwa ndani ya biro, juu ya meza, kwa karatasi na kalamu, wakati tingatinga lilikuwa bado kufika. Mvua ilifunua tu kile kilichokuwa kimekwisha kuliwa.

Sisi tunaoandika haya ni makarani wa migodi. Hatuchimbi shimo, wala hatumwagi lami. Kazi yetu ni karatasi: tunapokea faktire, tunaandika vitu vinavyoingia ndani ya depo, tunatia muhuri, tunaweka nakala pahali pake. Katika shule za misioni walitufundisha kuandika vizuri na kuhesabu bila kosa, na tulifikiri ya kama elimu hiyo ingesaidia inchi. Leo tunaona ya kama wizi mukubwa wa inchi yetu haufanywi usiku kwa panga. Unafanywa muchana, saa za kazi, na unapita juu ya meza zetu. Ndiyo sababu hatuwezi kunyamaza. Tutawaeleza namna unavyofanywa, wazi kabisa, ili hata mama anayeuza unga sokoni asikie na aelewe.

Njia ya kwanza wakubwa wanaiita "gré à gré". Maana yake ni kupatana wawili bila shindano. Mukubwa anayenunua kwa jina la Serikali anachagua mujenzi anayemutaka, wanakaa wawili, wanafunga bei. Sheria inaruhusu jambo hili pahali pachache: kukiwa haraka ya kweli, kama daraja limechukuliwa na maji na hospitali iko ng'ambo, ao kukiwa kitu kinachotengenezwa na kampuni moja tu. Lakini dirisha dogo limekuwa mulango mukubwa. Leo kila kitu ni haraka. Barabara iliyosahauliwa miaka 20 inakuwa haraka kwa siku moja, siku ile rafiki ya mukubwa anapofungua kampuni.

Njia ya pili ni proforma tatu. Ili kununua vitu ao kujengesha kazi ndogo, biro inatakiwa kuwa na bei za watu watatu. Basi mutu mumoja analeta zote tatu. Anaandika yake, kisha anaandika ya ndugu yake na ya shemeji yake, zikiwa juu kidogo. Karani anachagua ya chini, anaandika: "Shindano limefanyika." Shindano gani? Mutu amekimbia peke yake na kushinda vivuli vyake viwili.

Njia ya tatu ni kukatakata. Kazi kubwa inataka shindano la wazi. Kazi ndogo inapita kwa njia nyepesi. Basi shule moja inakatwa vipande: mukataba wa musingi, mukataba wa kuta, mukataba wa paa, mukataba wa milango, mukataba wa vyoo. Kila kipande kidogo, hakuna anayeuliza. Ukivijumlisha vyote, shule imepita bei ya shule mbili.

Njia ya ine ni avansi. Ni haki mujenzi kupewa feza za kuanza kazi, maana simenti haiuzwi kwa maneno. Lakini avansi inapaswa kuwa na garanti ya benki, ili mujenzi akikimbia, benki irudishe feza za watu. Ndugu, tembea ndani ya miji yetu. Uhesabu bango zilizosimama na majani yaliyoota chini yake. Pale avansi ilitolewa, lakini kazi haikuja.

Njia ya tano ni nyongeza ya mukataba. Mujenzi anatoa bei ya chini ili ashinde. Akiisha kushinda, anasema: "Tulikuta mawe chini ya udongo." Wanamuongezea. Kisha anasema: "Bei ya mafuta imepanda." Wanamuongezea tena. Yule mushindani aliyeandika bei ya kweli alishindwa siku ya kwanza juu ya ukweli wake.

Njia ya sita ni mama ya zile zote, na kila mutu katika inchi anajua jina lake: "opération retour". Ni feza zinazotoka kwa Serikali, zinafika kwa mujenzi, na usiku zinarudi kwa yule aliyetia saini.

Sasa tufanye hesabu, kwa mufano tu, kama walivyotufundisha shuleni. Kazi imeandikwa dola 100. Dola 20 zinarudi kwa mwenye saini. Dola 10 zinakwenda kwa mwenye kukopesha jina lake. Dola 15 zinabaki kwa kampuni kubwa iliyopata mukataba na kuuza kazi kwa kampuni ndogo. Zimebaki dola 55. Mujenzi mudogo naye ana watoto, anataka dola 10. Zimebaki 45. Kwa dola 45 atajenga nini? Atapunguza simenti, ataongeza muchanga. Chuma cha milimetre 12 kitakuwa cha milimetre 8. Lami ya kidole kimoja itamwagwa pahali pa lami nzito. Halafu tutamulaumu mujenzi mudogo na kusema: "Wakongomani hawajui kujenga." Si kweli! Walimupa nusu ya feza na wakamuagiza daraja zima.

Wengine watatuambia: "Tunahitaji sheria." Wandugu, tusidanganywe. Sheria iko. Mwaka 1969, tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili, Serikali ilitoa sheria juu ya mikataba ya manunuzi yake, na sheria ile ilizeeka kitandani. Tarehe 27 mwezi wa ine 2010 Bunge likaweka sheria mpya, namba 10/010. Tuliisoma. Ni sheria nzuri. Inasema shindano la wazi ndiyo kanuni, na kupatana wawili ni kwa mara chache tu, tena kwa ruhusa. Inatenganisha kazi tatu ambazo zamani zilikuwa katika mukono mumoja: yule anayenunua, yule anayechungua manunuzi mbele ya saini, na yule anayeweka kanuni na kusikiliza mashitaka. Ndiyo maana kila wizara ina kikundi chake cha manunuzi. Kuna DGCMP ya kuchungua. Kuna ARMP ya kuweka kanuni. Mujenzi aliyeshindwa kwa hila anaweza kushitaki, na wanapaswa kumujibu.

Basi nyumba ya sheria imejengwa, milango mitatu, kufuli tatu. Lakini funguo zote tatu ziko katika mufuko wa mutu mumoja. Anayechungua amewekwa kazini na mukubwa anayechunguliwa. Akikataa ruhusa, simu inalia. Akiendelea kukataa, kesho anasoma jina la mwingine pahali pake. Mageuzi ya karatasi bila mageuzi ya nani anamuogopa nani, ni kupaka chokaa juu ya ukuta uliopasuka.

Tuangalie mambo ya kweli yaliyotokea, na miaka yake.

Mwaka 2019 Rais wa inchi alitangaza programu ya siku 100. Ndani yake kulikuwa nyumba 1.500 za kuletwa tayari, kwa ajili ya askari, polisi na watu wengine. Mamilioni ya dola yalitoka. Mwaka 2020 mukuu wa biro ya Rais, Bwana Vital Kamerhe, alihukumiwa miaka 20 ya kazi ya nguvu juu ya feza zile, ambazo zilipita milioni 48 za dola. Mwaka 2022 tribinali ya rufaa ikamuachilia. Sisi hatumuhukumu mutu ambaye tribinali imemuachilia. Hiyo si kazi ya karani. Lakini mumebaki na swali moja ambalo hakuna hukumu iliyolijibu: wale askari waliongoja nyumba, wamelala wapi tangu 2019? Kama mikataba ile ingalishindaniwa mbele ya watu, Bwana Kamerhe hangalihitaji tribinali ya kumusafisha, na askari hangalihitaji kungoja hukumu ili ajue kama ana paa.

Mwaka 2025 mambo yakarudi. Tarehe 2 mwezi wa kenda Cour de cassation ilimuhukumu Bwana Constant Mutamba miaka mitatu ya kazi ya nguvu, juu ya milioni 19 za dola. Bwana huyu alikuwa waziri wa haki. Feza zile zilikuwa za kujenga gereza huko Kisangani, na mukataba ulitolewa kwa kampuni moja bila shindano. Muangalie vizuri, wandugu: waziri wa haki, kazi ya kujenga gereza, na njia iliyotumiwa ni ileile ya kupatana wawili. Waziri akianguka tunapiga makofi, tunasema haki imefanyika. Lakini njia haikuanguka. Inamungojea waziri mwingine.

Sasa tuje kwa jambo kubwa linalotugusa sisi watu wa migodi kuliko wengine.

Mwaka 1906, katika siku za Leopold II, kampuni ya BCK iliundwa ili kujenga reli. Malipo yake hayakuwa feza tu: ilipewa haki za madini juu ya udongo mukubwa sana. Reli ilijengwa kweli. Mwaka 1928 ilifika kutoka Bukama mpaka Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Babu zetu walitandika mataruma yake. Lakini nani aliwauliza bei? Nani alipima kama reli ile ilikuwa na thamani ya udongo ule? Hakuna. Serikali ya wakoloni na kampuni zilikaa meza moja, na walikuwa karibu watu walewale.

Mwaka 2008, miaka 102 baadaye, inchi yetu huru ilitia saini mukataba na kampuni za Wachina: shaba na kobalti ya Kolwezi kwa barabara, hospitali na shule. Kampuni iliyozaliwa inaitwa Sicomines. Gécamines ilipata 32 kwa mia, Wachina 68. Mara ya kwanza walisema miliari 6 za dola kwa majengo na barabara. Mwaka 2009 zikapunguzwa zikawa miliari 3. Mwezi wa pili 2023, wachunguzi wa feza za Serikali, ndio IGF, walitangaza ya kama kazi zilizofanywa kwa miaka 15 zilifika milioni 822 tu. Upande wa Wachina walikataa ripoti ile. Mwezi wa tatu 2024 mukataba ukaandikwa upya: miliari 7 kwa barabara, zikilipwa pole pole kila mwaka mpaka 2040, kama bei ya shaba haianguki.

Tunajua ya kama wengine wanashangilia miliari 7. Sisi makarani hatushangilii namba, tunauliza kipimo. Wenye hisa katika mugodi walikuwa na kampuni zao za kujenga, na kampuni hizo ndizo zilizopewa barabara. Yaani mwenye kukopesha, mwenye kuchimba na mwenye kujenga ni jamaa moja. Akisema kilometre moja imegharimu kiasi fulani, nani atamubishia? Hakukuwa mujenzi mwingine aliyeandika bei yake ndani ya bahasha. Ukimupa mutu shaba yako ili akununulie shati, na yeye mwenyewe ndiye mushonaji, na yeye mwenyewe ndiye anayetaja bei ya shati, usishangae ukirudi nyumbani bila vifungo. Hatumuchukii Muchina, kama vile hatumuchukii Mubelgiji ao Mukongomani mwenye kampuni. Tunachukia meza isiyo na mushindani. Kitu kile kilichofanywa na Leopold mwaka 1906 hakiwi kizuri juu ya bendera kubadilika.

Wahenga walisema: penye miti hakuna wajenzi. Tunaona maana yake kila siku: shaba inapita mbele ya mulango yetu kwenda ngambo, na sisi tunapita ndani ya matope.

Sasa tutajibu wale wanaotupinga, maana tunawasikia.

Wanasema: "Shindano linachelewesha kazi." Ni kweli, shindano linataka miezi. Lakini hesabuni ninyi wenyewe: miezi mine ya kushindana, na barabara ya miaka 15, ao siku mine za kupatana chumbani, na barabara inayokufa kwa mvua ya pili. Ni ipi iliyochelewa?

Wanasema: "Kampuni za Wakongomani hazina mashini." Zingine hazina, ni kweli. Lakini zitanunua mashini kwa feza gani, ikiwa hazipati kazi ila kwa kukopesha jina? Tarehe 8 mwezi wa pili 2017 inchi iliweka sheria ya sous-traitance: kazi ndogo za kampuni kubwa zifanywe na kampuni ambazo mutaji wake mukubwa ni wa Wakongomani. Tuliifurahia. Lakini tunawaona ndugu zetu, wana wa inchi, wanakwenda kwa notere na mugeni, wanaandikwa wenye hisa nyingi asubuhi, na magaribi wanapokea mushahara wa jina lao. Ndugu, anayekopesha jina lake amekodisha inchi. Usimulaumu mugeni peke yake. Yeye alikukuta sokoni.

Wanasema tena: "Wajenzi wote ni wezi, wanapandisha bei." Hapa lazima tuseme ukweli kwa Serikali. Mujenzi mwaminifu anafanya kazi, analeta faktire, anangoja. Mwaka unapita. Wa pili unapita. Benki inamudai riba, wafanyakazi wake wanamungoja mulangoni. Mara nyingine akipata kazi, ataandika bei mara mbili, maana anajua ya kama atalipwa akiisha kuzeeka. Na ili alipwe mbele, atampa mutu bahasha. Hivi deni la Serikali linazaa wizi, na wizi unazaa deni. Serikali isiyolipa waaminifu imejichagulia wezi.

Sasa, wandugu, tunafika pahali pagumu. Mupaka hapa tumewasema wengine. Lazima tujiseme sisi wenyewe.

Kulikuwa komini moja, hatutaji jina lake, ambako shule ilijengwa kwa feza zilizotoka kwa madini. Sisi ndio tuliopokea proforma tatu. Zililetwa na kijana mumoja, saa moja, ndani ya mufuko mumoja. Kampuni tatu, majina matatu. Lakini neno la Kifaransa la mabati liliandikwa na kosa moja lilelile kwa zote tatu. Sisi tuliosoma misioni, tunaoona kosa la herufi moja ng'ambo ya meza, tuliliona. Tukatazamana. Bwana mumoja alikuwa ametuachia kitu kidogo, kama wanavyosema, cha sukari ya watoto. Tulitia muhuri.

Mwaka uliofuata upepo uliinua paa la shule ile kama kifuniko cha chungu. Asante Mungu ilikuwa usiku. Asubuhi watoto walikuta misumari midogo, mirefu kama kidole cha mutoto muchanga, imebaki ndani ya mbao. Sasa wanasomea chini ya muembe, na mvua ikija wanatumwa nyumbani. Mutoto wa mumoja wetu ni kati yao. Jioni alimuuliza baba yake: "Baba, nani alijenga shule yetu?" Baba yake hakujibu, maana jibu lilikuwa juu ya kidole chake, rangi ya muhuri haijatoka.

Tunaandika jambo hili ili msiseme ya kama tunaongea kama watakatifu. Waziri hawezi kula barabara peke yake. Anahitaji mutu wa kuandika, mutu wa kunakili, mutu wa kutia muhuri, mutu wa kusema "kazi imepokelewa" bila kufika shantye. Mutu huyo ni sisi. Hakuna faktire ya uongo iliyojitembeza yenyewe mupaka benki.

Basi tunataka nini?

La kwanza: bahasha za bei zifunguliwe mbele ya watu, katika saa iliyotangazwa, na bei zisomwe kwa sauti, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Kila mushindani awe pale, na kila mukaaji anayetaka awe pale.

La pili: kila mukataba wa kupatana wawili utangazwe, pamoja na sababu yake na jina la aliyeuruhusu. Amri ya tarehe 20 mwezi wa tano 2011 inaagiza mikataba ya madini itangazwe ndani ya siku 60. Kama mukataba wa kuchimba shimo unatangazwa, kwa nini mukataba wa kuziba shimo unafichwa?

La tatu: bango la shantye liseme ukweli wote. Si jina la mukubwa na picha yake. Liseme bei, urefu, unene wa lami, avansi iliyotolewa, siku ya kumaliza, na jina la yule anayesimamia.

La ine: anayejenga asisimamie, na anayesimamia asilipwe na anayejenga. Kazi ikipokelewa, ipimwe mbele ya wajumbe wa wakaaji. Watoboe lami, wapime unene wake kwa rula ya shule. Rula haiogopi simu ya mukubwa.

La tano: anayechungua manunuzi awe na miaka yake ya kazi iliyoandikwa, asifukuzwe kwa sababu amesema hapana.

La sita: faktire ya kazi iliyopimwa ilipwe kwa zamu yake, na orodha ya zamu ibandikwe ukutani.

Tena hatungoji Kinshasa ianze. Sheria ya madini ya mwaka 2018 imetupa pa kuanzia, hapa kwetu. Katika kodi ile ya madini wanayoiita redevance, 15 kwa mia ni ya komini na sheferi ambako madini yanachimbwa. Tena kampuni inapaswa kutoa si chini ya 0,3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji, na kutia saini daftari la ahadi pamoja nao. Hizo ni feza za shule zenu, visima vyenu, madaraja yenu. Zinakwenda kwa burgumestre na kwa mwami mnaowajua kwa majina, wanaopita mbele ya nyumba zenu. Nendeni mukaulize: Mwaka huu zimeingia ngapi? Nani alishinda kazi? Nani alishindana naye? Muulize kwa heshima, lakini muulize wote pamoja, na murudi juma lijalo. Mutu mumoja akiuliza anaitwa mugomvi. Watu mia wakiuliza wanaitwa wakaaji.

Na kwa ninyi, makarani wenzetu wa migodi, wa komini, wa wizara, wa benki, tunasema neno moja la mwisho. Tunajua mushahara ni mudogo. Tunajua kodi ya nyumba, tunajua minerval ya watoto. Lakini tumejua tena bei ya ile sukari: ni paa la shule. Tokea leo tukiona proforma tatu zenye kosa moja, tuandike pembeni: "Zimeandikwa na mukono mumoja," tutie tarehe, tuweke nakala. Tukiambiwa tuandike "kazi imepokelewa", tujibu: "Tutaandika tukiisha kufika." Karani mumoja akikataa atafukuzwa. Kumi wakikataa wataitwa kwa mukubwa. Biro nzima ikikataa, faktire ya uongo italala juu ya meza mupaka ioze, na siku hiyo barabara itaanza kujengwa.

Wazee wetu waliomba uhuru ili wasitandike mataruma ya reli ambayo bei yake hawakuijua. Sisi tuna uhuru, na bado hatujui bei. Basi tuiulize, kwa sauti, mbele ya bahasha haijafungwa.

Makarani wa migodi